Shamba la Ukoo na Karatasi ya Mwaka 1963

Msikilizaji, ipo kanuni katika sheria za nchi yetu inayosema kwamba mjane hana fungu katika mali aliyoacha mumewe, ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu la mjane, kwa kanuni hiyo, ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Hiyo ni kanuni ya 27 ya urithi katika Tamko la Sheria za Mila, lililotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963. Kanuni nyingine za Tamko hilo zinawapanga warithi kwa madaraja matatu: mtoto wa kwanza wa kiume daraja la kwanza, ndugu zake wa kiume daraja la pili, na mabinti, hata wakiwa wakubwa kuliko kaka zao, daraja la tatu. Kuhusu shamba la ukoo, binti anaweza kulitumia, lakini kuliuza hana ruhusa maadamu ukoo una mwanamume. Wapo watu ambao kwa zaidi ya miaka thelathini wamekuwa wakipambana na kanuni hizi mahakamani, bungeni na vijijini, na kila wanapotokea huambiwa neno lile lile, kwamba wanavunja mila za wazee wetu. Leo nataka kulijibu neno hilo, kwa sababu naamini lina kosa la msingi. Wanachopambana nacho watu hawa ni karatasi iliyoichukua mila ikaikata vipande viwili, ikahifadhi kipande cha mamlaka na kukiacha kipande cha wajibu kipotee.

Tuanze na jinsi karatasi yenyewe ilivyozaliwa, maana hapo ndipo wengi hupita haraka. Mwaka 1963 Tanganyika ilikuwa na miaka miwili ya Uhuru. Serikali ilikuwa inaondoa utawala wa machifu, na mahakama za wenyeji zilizokuwa chini yao zilikuwa zinaingizwa katika mfumo mmoja wa nchi, wenye mahakama ya mwanzo chini, ya wilaya katikati na Mahakama Kuu juu. Hakimu sasa angeweza kutoka Songea akapangiwa kazi Bukoba, mahali ambapo mila hakuzaliwa nazo wala hakuna mtu anayewajibika kumfundisha. Alihitaji kitabu. Taifa nalo lilitaka umoja, watu wasihukumiwe kwa kabila zao bali kwa sheria moja. Nia ilikuwa njema na mimi siidharau. Mtaalamu Hans Cory, aliyekuwa ameitumikia serikali ya kikoloni na kuandika juu ya sheria za Wasukuma na za Wahaya, alikuwa miongoni mwa walioweka misingi ya kazi hiyo, na jamii zinazofuata ukoo wa baba zikaandikiwa kanuni za pamoja. Tazama basi kilichotokea. Mila iliyokuwa inasemwa na wazee, inabishaniwa, inapindishwa kidogo msimu wa njaa na kulegezwa kwa mjane mwenye watoto wadogo, iligeuka kuwa aya zenye namba. Wazee walioulizwa walikuwa wanaume, na walieleza mambo kama walivyoyaona kutoka kwenye viti vyao. Na aya ikishachapwa haisikilizi shauri la mtu.

Nini kilibaki nje ya karatasi? Kwa kawaida ya zamani, aliyerithi mji wa marehemu alirithi na watu wake. Wajane, watoto, madeni, mahari ya vijana waliokuwa hawajaoa, ugonjwa wa bibi aliyekuwa anakaa nyumba ya nyuma: vyote vilikuwa juu ya mabega yake, na ukoo mzima ulikuwa unamtazama. Asipowalisha alisemwa, alitengwa, na pengine alinyang'anywa. Sisemi kwamba maisha hayo yalikuwa pepo kwa mwanamke. Historia ya Buhaya inatuonyesha wanawake waliotoka kwenda mijini tangu enzi za mkoloni, wakachuma fedha zao na kurudi kununua mashamba kwa majina yao, na hilo peke yake linathibitisha kwamba palikuwa na jambo walilolikimbia. Ninachosema ni kwamba mamlaka ya mrithi yalikuwa na kamba mguuni. Leo mrithi huyo huyo anakaa Mwanza au Dar es Salaam. Anakuja siku ya mazishi, anachukua hati ya nyumba na kadi ya pikipiki, anarudi mjini. Kanuni ya kumpa mali imeandikwa na mahakama inaisimamia, lakini ule wajibu wa kuwalisha watoto wa marehemu hauna hakimu wa kuulinda kwa nguvu ile ile. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliona jambo hilo hilo mwaka 2004, katika kesi iliyohusu mabinti wawili wadogo wa Khayelitsha. Baba yao alipofariki, babu yao mzaa baba ndiye aliyetajwa kuwa mrithi, naye alikusudia kuuza nyumba waliyokuwa wanakaa ili alipe gharama za mazishi. Majaji walieleza kwamba mila rasmi iliyokuwa inatumiwa na serikali ilikuwa imetengana na maisha, kiasi kwamba mrithi anachukua mali bila kuuchukua mzigo uliokuwa unaihalalisha.

Hapa kuna pingamizi zito, na sitaki kulipita kwa haraka kwa sababu wanaolitoa si watu wabaya. Wanasema shamba la ukoo si bidhaa. Ndani yake kuna makaburi. Migomba ile ilipandwa na babu wa babu. Ukimpa binti, ataolewa kwingine na shamba litahamia ukoo mwingine. Ukimpa mjane, ataolewa tena na mgeni atakaa juu ya makaburi ya watu asiowajua. Hofu hii ni ya kweli, na mtu anayetaka kubadili sheria bila kuielewa hatafika mbali kijijini. Lakini tuipime kwa ushahidi. Mwaka 1988, katika Wilaya ya Muleba, mwanamke mmoja wa Kihaya aliyerithishwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia aliliuza kwa mtu wa nje kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakama ya mwanzo kudai mauzo yabatilishwe kwa kuwa muuzaji ni mwanamke, akashinda. Mahakama ya wilaya ikatengua. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya, ambaye alitoa hukumu mwezi Februari 1990, ile ambayo wanasheria wetu wanaijua kama kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, hivyo wino ulikuwa bado mbichi. Jaji alisema kanuni inayomzuia mwanamke kuuza pale ambapo mwanamume anaruhusiwa ni ubaguzi uliokatazwa na Katiba.

Hukumu hii husimuliwa mara nyingi, lakini sehemu yake yenye hekima zaidi hutajwa mara chache. Mila ya Kihaya haikuwa inamzuia mwanamume kuuza shamba la ukoo. Aliweza kuliuza hata kwa mgeni, na ukoo ulikuwa na nafasi ya kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Kwa mwanamke, mauzo yalikuwa batili tangu mwanzo. Jaji hakuifuta nafasi ya ukoo ya kukomboa. Aliiacha ilivyo na kuwaweka wote wawili chini yake: ndugu wa mwanamke yule waliweza kulikomboa shamba, ndani ya miezi sita, kwa kulipa zile shilingi 300,000. Kwa hiyo swali la makaburi na migomba lilijibiwa. Ukoo unaolipenda shamba lake una njia ya kulirudisha, ila haitakuwa bure na haitategemea jinsia ya aliyeuza. Tukiwa wakweli, katika miaka hii ya mashamba kugeuzwa viwanja, ardhi nyingi ya ukoo imeuzwa na wana wa kiume, na ile kanuni haikuilinda hata kidogo, kwa sababu haikutungwa kumzuia mwanamume.

Upande mwingine wa sheria yetu unaifanya hali ya mjane kuwa ngumu zaidi kuieleza kwa mtu mwenye akili timamu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika kesi ya Bi Hawa Mohamed kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu katika shauri lile, lakini maelfu ya wanawake waliomfuata wamegawiwa mali kwa msingi aliouweka yeye. Sasa kifungu hicho kinahusu ndoa inayovunjwa na mahakama. Hakihusu kifo. Mke aliyeachika ana hoja ya kusimama nayo mbele ya hakimu, na mke aliyevumilia miaka arobaini, akamuuguza mume na kumzika, anakutana na kanuni ya 27. Ongeza na hili: hakimu anapopokea shauri la mirathi hutazama mwenendo wa maisha ya marehemu ili ajue atumie sheria ipi. Akiona marehemu aliishi kwa misingi ya Uislamu, mjane mwenye watoto anapata thumni ya mali, na asiye na watoto robo, haki ambayo hakuna shemeji anayeweza kuifuta. Ikithibitika kwamba marehemu aliachana na maisha ya kimila, hutumika sheria ya urithi iliyoletwa kutoka India, ya mwaka 1865, na mjane mwenye watoto anapata theluthi moja. Akionekana aliishi kimila, mjane hapati kitu. Wanawake watatu wa mtaa mmoja, waliofiwa mwezi mmoja, wanaondoka mahakamani mmoja na theluthi, mmoja na thumni, mmoja na mikono mitupu. Anayesema kwamba kuigusa karatasi ya 1963 ni kuligusa jambo takatifu anieleze utakatifu huo umekaa wapi kati ya hao watatu.

Pingamizi la pili lilitoka kwa watu wakubwa, mahakamani penyewe. Mwaka 2005 wajane wawili wa Mkoa wa Shinyanga, wote mafundi cherehani, walifungua shauri Mahakama Kuu kupinga kanuni za Tamko. Kila mmoja alikuwa ameona shemeji yake akiteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, kisha yeye na watoto wakaondolewa kwenye nyumba. Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake kilisimama nao. Mwezi Septemba 2006 majaji walikubali kwamba kanuni zile zina ubaguzi, tena kwa njia zaidi ya moja. Lakini wakakataa kuzitengua. Mila, walisema, haibadilishwi kwa tamko la mahakama, na ukifungua mlango huo kila desturi itapingwa. Kazi hiyo ziachiwe halmashauri za wilaya. Mafundi wale walikata rufaa. Rufaa ilikaa miaka minne, na mwaka 2010 ikatupwa kwa sababu amri ya Mahakama Kuu ilikuwa imeandikwa tarehe isiyo sahihi. Kosa la ofisi, na wajane ndio walioligharamia.

Hoja kwamba jamii haibadilishwi kwa kalamu ya jaji ina sura ya unyenyekevu, na ingekuwa nzuri kama mila ingekuwa inajiendesha yenyewe huko kijijini bila dola kuigusa. Ukweli hauko hivyo. Tamko liliandikwa kwa amri ya waziri. Msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama ya mwanzo, kwa muhuri wa Jamhuri. Mjane akigoma kutoka, anayemtoa ana karatasi ya serikali mkononi. Dola imo ndani ya mila hii tangu asubuhi hadi usiku, na haiwezi kuingia kwa mlango wa kumfukuzia mjane, kisha ikifika kwenye mlango wa kumlinda ijitangaze kuwa mgeni. Halmashauri za wilaya nazo zilikuwa na uwezo wa kupendekeza mabadiliko tangu mwanzo. Miongo minne ilikuwa imepita mahakama ilipozikumbusha. Wenzetu wa nchi nyingine za Afrika walipewa hofu hizo hizo na hawakuzikubali. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika shauri la familia ya Rono, ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe pungufu kwa kuwa wataolewa. Botswana, mwaka 2013, mahakama ya juu iliwapa haki Edith Mmusi na dada zake waliokuwa wanatolewa kwenye nyumba ya wazazi wao kwa jina la mila inayomrithisha kitinda mimba wa kiume. Bi Mmusi alikuwa bibi wa miaka themanini hivi. Desturi za Wabotswana hazikusambaratika kesho yake.

Wajane wa Shinyanga hawakukoma. Tanzania iliridhia mwaka 1985 Mkataba wa Kimataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, na mwaka 2006 ikajiunga na itifaki inayomruhusu mwananchi kupeleka malalamiko yake mwenyewe. Wakayapeleka. Tarehe 2 Machi 2015 Kamati ya mkataba huo iliamua kwamba nchi imekiuka haki zao, ikataka walipwe fidia na sheria za mila zinazobagua zirekebishwe au zifutwe. Tangu kufiwa hadi uamuzi ule ilikuwa imepita zaidi ya miaka kumi. Na hapa ndipo lile neno la kwamba haya ni mambo ya wasomi wa mjini wanaotumwa na wafadhili linapokosa mahali pa kushika. Aliyeshtakiwa kule Muleba alikuwa mwanamke wa kijijini mwenye wosia wa baba yake. Wa Shinyanga walikuwa mafundi cherehani. Wanasheria wa mjini waliwaandikia hati, ni kweli, kama mgonjwa wa kijijini anavyoandikiwa dawa na daktari aliyesoma mjini, na maumivu yanabaki kuwa ya mgonjwa.

Sitaki pia mtu afikiri kwamba kazi hii yote imefanyika mahakamani. Baada ya Tume ya Profesa Issa Shivji kuzunguka nchi mwaka 1991 na 1992 kusikiliza malalamiko ya ardhi, ulifuata mjadala mrefu wa sheria mpya, na mashirika ya wanawake, TAWLA na TAMWA yakiwemo, yaliushikilia mjadala huo bila kuuachia. Matokeo yake yamo katika sheria mbili za mwaka 1999. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Watu walilipa kwa ajili ya mambo haya. BAWATA, Baraza la Wanawake Tanzania lililoongozwa na Profesa Anna Tibaijuka, lilifutiwa usajili mwaka 1997, na Mahakama Kuu ilikuja kusema mwaka 2009 kwamba kufutwa kule kulikiuka Katiba. Miaka kumi na miwili kwa chama ni umri mzima. Waliokianzisha walikuwa wameshatawanyika.

Limebaki pingamizi moja, na hili nakiri lina nguvu kuliko yote. Sheria ya 1999 ipo, hukumu ya 1990 ipo, na bado wajane wanatimuliwa. Basi sheria ina faida gani? Wanaouliza hivi wameona vizuri, ila wanakosea wanapotoa jibu la kukata tamaa. Sheria ya ardhi na kanuni za urithi zinakaa katika vitabu viwili tofauti, na maadamu kitabu cha 1963 kimo mezani kwa hakimu, anaweza kukifungua. Kwa hiyo kukifuta kuna maana kubwa. Lakini mahali mali inapopotea hasa ni kabla hakimu hajafungua kitabu chochote. Ni kwenye kikao cha ukoo, siku ya kuanua tanga au ya arobaini. Watu wamekaa kwenye mkeka, mjane yuko ndani na kina mama, pengine yuko edani, pengine hana nguvu ya kusimama. Kinaandikwa muhtasari: ukoo umempendekeza fulani, mdogo wa marehemu, kuwa msimamizi. Muhtasari unapelekwa mahakama ya mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Hakimu hana mtu mwingine mbele yake, anamteua. Msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne kurudi mahakamani na orodha ya mali na maelezo ya jinsi alivyoigawa, na mjane ambaye hajui sharti hilo hana namna ya kuuliza kwa nini halikutimizwa.

Ndiyo maana kazi ninayoithamini kuliko zote katika mapambano haya inafanywa na wasaidizi wa kisheria wa vijijini, waliotambuliwa rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ni kazi isiyo na kamera. Wanawashawishi wanandoa wa kimila wasajili ndoa zao, wanaume waandike wosia wakiwa na afya, hati ya kimila ya shamba ibebe majina mawili. Na msiba ukitokea wanakaa pamoja na mjane, wanamweleza kwamba anaweza kuomba usimamizi yeye mwenyewe, na kwamba asipokubaliana na jina lililopendekezwa anaweza kuweka pingamizi kabla uteuzi haujafanyika. Wanamtafuta mzee mmoja wa ukoo mwenye moyo, kwa maana kila ukoo unaye, anayekumbuka kwamba zamani mrithi aliulizwa watoto watakula nini kabla ya kukabidhiwa mkuki wa marehemu. Wanamwomba aliulize swali hilo siku ya kikao, mbele ya wote, na jibu lake liingie kwenye muhtasari kabla haujasainiwa.